Jozi Iliyoshika Mkia

Mheshimiwa Mlezi wa klabu yetu, Ndugu Mwenyekiti na wajumbe wa kamati, Bwana Misitu, ambaye bila kibali chako hatuthubutu kukata hata tawi, manahodha wenzangu wa klabu za jirani, kocha wetu, ndugu zetu watunza uwanja, mnaoamka kabla ya ndege, wapishi wetu, ambao harufu ya kazi yenu imeanza kunitoa kwenye mstari, washindani wote, jozi kwa jozi, ndugu wageni waalikwa, mabibi na mabwana. Kama kuna niliyemruka, ajue umeteleza ulimi tu, moyo uko pale pale.

Wengi wenu mnanijua kwa kazi yangu. Mimi ni daktari wa meno, na nimezoea kuzungumza na watu waliopanua vinywa na wasioweza kunijibu. Leo nawaona mmefumba midomo na mnanitazama, nami naingiwa na woga kidogo. Mnivumilie. Sitang'oa kitu.

Jana tulicheza mashindano yetu ya jozi mchanganyiko, mwanamume mmoja na mwanamke mmoja, katika uwanja huu uliozungukwa na msitu pande zote. Kwa faida ya wageni wetu ambao gofu hawaijui, niseme neno moja tu kuhusu mchezo wa jana. Jozi ina mpira mmoja. Mmoja akipiga, anayefuata ni mwenzake, kisha yeye tena, kwa zamu, mpaka mpira uingie shimoni. Maana yake ni nini? Maana yake ni kwamba wewe ukiupeleka mpira vichakani, si wewe utakayekwenda kuutoa. Atautoa mwenzio. Na ukiuacha mahali pazuri, raha ataila yeye. Sasa niulize, mabibi na mabwana: kuna mtihani wa ndoa unaoupita huu? Nimeona watu waliokaa pamoja umri mzima wakirudi kutoka shimo la tatu kila mmoja kashika njia yake. Nimemsikia mume akimwambia mkewe, "Nilikuachia mpira safi kabisa," na mke akamjibu, "Safi, ndiyo, lakini ndani ya kijito."

Ndiyo maana nawapongeza mabingwa wetu wa mwaka huu kwa dhati. Yule dada, fundi umeme, na mwenzake, mwalimu wa kuogelea, si mke na mume, si ndugu, wala hawakujuana kabla ya kupangwa pamoja. Walipokwama kwenye mchanga wa shimo la kumi na moja, mwalimu wa kuogelea alishika kichwa akasema, "Nimetuzamisha." Fundi akamwambia, "Wewe si ndiye unayefundisha watu kuelea? Sogea." Akautoa ule mpira kwa pigo moja, ukaenda kulala karibu na bendera kama paka aliyeshiba. Kombe lenu mtalipokea muda si mrefu, na mmelistahili.

Lakini nimeomba ruhusa kwa jozi nyingine, nao wameniruhusu, niwaeleze habari zao. Jina la jozi hiyo halimo kwenye vikombe hivi mezani. Wamekaa pale dirishani. Msigeuke wote kwa pamoja, jamani, mtawatia haya.

Mzee wetu, dereva wa treni mstaafu, sote tunamwita Mzee Honi. Jina hilo hakulipata kwa sababu ya treni peke yake. Mkewe, marehemu, tulimwita Bi Shabaha, kwa kuwa mpira ukifika karibu na shimo, mikononi mwake hesabu yake ilikuwa imekwisha. Hawa wawili walicheza jozi mchanganyiko tangu jumba hili lilipokuwa banda la mabati. Mzee alikuwa akipiga kwa nguvu zote, mpira unakwenda mbali sana na kuingia msituni. Bi Shabaha anavua miwani, anaifuta, anavaa, anaingia msituni bila kusema neno, na baada ya muda tunaona mpira unatoka kati ya miti miwili kana kwamba umefunguliwa mlango. Mimi na mume wangu tulishindana nao mwaka hata mwaka. Tuliwashinda mara chache, na kila tulipowashinda Bi Shabaha alinikumbatia kwa furaha mpaka nikashuku kwamba ametuachia.

Bi Shabaha alifariki mwaka juzi, baada ya ugonjwa mfupi uliotukuta sote hatujajipanga.

Mzee akahamia kwa mwanawe wa pekee, mwokaji mikate, ambaye wengi wenu mnakula mikate yake kila asubuhi. Akapewa chumba cha nyuma, chenye dirisha linalotazama bustani. Mzee akalipa dirisha kisogo. Akalala uso ukutani. Sahani ikiingia imefunikwa inatoka imefunikwa. Nilikwenda kumsalimu, nikakaa kwenye kiti kando ya kitanda, nikamwambia, "Mzee, njoo uwanjani hata kutazama tu." Hakugeuka. Akasema, "Nahodha, mimi kituo changu nimeshashuka. Ninyi endeleeni na safari." Nilirudi nyumbani, nikamwambia mume wangu kwamba tutampoteza na yule. Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Mimi nasema adhabu ya kitanda kilichopungukiwa na mtu mmoja aijuaye aliyebaki juu yake.

Katika nyumba hiyo yumo mke wa mwokaji. Huyu ni mkunga. Baadhi yenu watoto wenu wamepita mikononi mwake, na nadhani sauti yake mnaikumbuka. Kule wodini, mkunga huyu akisema "sukuma", hata aliyeleta chai anasukuma. Lakini nyumbani, mbele ya baba mkwe, sauti hiyo ilikuwa inakauka. Mnajua heshima ya mkwe ilivyo. Aliingia chumbani kwa hatua za paka, akaweka sahani, akasema, "Shikamoo Baba, nimekuletea chakula." Ukutani kunajibu, "Marahaba mama, asante, nimeshiba." Na hajaonja kitu tangu jana yake! Angefanya nini? Amfokee? Baba wa mumewe? Aliniambia mwenyewe, "Nahodha, nilikuwa natoka pale nakwenda jikoni, nasimama mbele ya jokofu lililofunguliwa, nasahau nilitaka nini."

Siku moja, katika kutafuta ndoo stoo, akakuta fimbo za mama mkwe wake. Zimefutwa, zimefunikwa vichwa kwa vile vikofia alivyovisuka marehemu kwa mkono wake. Mkunga huyu alikuwa hajawahi kushika fimbo ya gofu maishani. Mumewe ndiye kabisa; kwake yeye gofu ni kutembea porini ukiwa na hasira. Lakini alizibeba zile fimbo, akazitia kwenye gari la mikate, akaja hapa baada ya zamu yake, akamwambia kocha, "Nifundishe."

Kocha ni mtu wa siri, na siri hii aliitunza. Ila baadaye alinieleza kwamba siku za mwanzo aliogopa. Mama huyu alikuwa akiupiga mpira kana kwamba mpira umemtukana. Kocha akamwambia, "Mama, taratibu. Huo mpira haujakukosea kitu." Akajibu, "Najua aliyenikosea. Siwezi kumpiga." Akaendelea. Miezi ikapita, viganja vikaota sugu, na mwishowe mpira ukaanza kwenda mbele, mara nyingine hata upande aliokusudia.

Kisha akafanya jambo ambalo hata mimi, na ujeuri wangu wote, nisingelifanya. Akawaandikisha kwenye mashindano, yeye na mkwewe, kabla ya kumwambia mkwewe.

Jioni hiyo alibisha hodi chumbani. "Baba, nimetuandikisha."

"Kwenye nini?"

"Jozi mchanganyiko."

Ukuta ukauliza, "Nawe utapiga kwa fimbo gani?"

"Za Mama."

Mzee aliinuka, akaja mpaka mlangoni, na mlango ukafungwa polepole mbele ya uso wa mkwewe. Mwokaji alikuwa ukumbini, akasikia yote, akasema kwa unyonge, "Mke wangu, hapo umeharibu." Mkunga naye aliamini ameharibu. Alilala na mawazo hayo akaamka nayo. Asubuhi akatoka chumbani, akamkuta Mzee amekaa kwenye kiti cha karibu na mlango wa mbele, kofia kichwani, viatu vya gofu miguuni, kamba zimefungwa. Akamwambia bila kumtazama, "Zile fimbo utazishika vibaya uzivunje. Twende nikaangalie."

Ndivyo walivyofika kwetu. Na jana, kwa bahati yangu, mimi na mume wangu tulipangwa kutembea nao, jozi mbili pamoja. Yote nitakayoyasema kuanzia hapa niliyaona kwa macho yangu.

Mashimo ya mwanzo yalikuwa ya adabu. Ndugu zangu, adabu ile ilichosha! Mzee akiupeleka mpira pembeni: "Samahani, mama." Mkunga akiupiga nusu: "Samahani sana, Baba." "Hapana, kosa ni langu." "La, Baba, ni langu mimi." Mume wangu akaninong'oneza kwamba neno samahani likiendelea kutumika hivi litatoboka. Walitembea mbalimbali, mmoja huku, mwingine kule, kama wageni wawili waliokutana kwenye chumba cha kungojea daktari. Naijua sura ya watu hao, mimi.

Tukafika lile shimo la nyuma, ambalo njia yake inapinda kufuata miti mikubwa. Mzee akapiga. Ile nguvu ya zamani ikamrudia ghafla, mpira ukapaa, na kama ilivyokuwa desturi yake ukaingia msituni. Tukaingia sote kuutafuta, tukipekua majani makavu kwa miguu. Ulikuwa umekaa kwenye kikwapa cha mzizi. Zamu ya mkunga.

Mzee akasimama nyuma yake. Akasema, taratibu tu, "Mama yenu angeupitisha chini ya lile tawi."

Mkunga akapiga. Mpira ukagonga shina, ukarudi, ukatua nyuma yetu. Mzee akasema, "Yeye asingeugonga mti." Akapiga Mzee, ukasogea kidogo. Akapiga mkunga, akakosa mpira kabisa, akachota majani. Na Mzee akasema, kwa sauti ya mtu anayeongea na nafsi yake, "Yeye hakuwahi kukosa." Kisha akakaa juu ya kisiki, akavua kofia. "Basi, mama. Imetosha. Nirudishe nyumbani."

"Sirudi."

Mzee akainua uso.

"Sirudi, Baba!" Na hapo, mabibi na mabwana, sauti ya wodini ikatoka. "Mimi si yeye! Nimeshika fimbo zake, nimevaa glavu yake, inanibana, lakini mimi si yeye na sitakuwa yeye hata nikipiga mpaka kesho kutwa! Unadhani umefiwa peke yako? Alikuwa mama yangu na mimi! Nani alinisimamia nilipojifungua? Nani alikuwa ananipigia simu kila nikitoka zamu kuniuliza kama nimekula? Tangu amefariki hakuna anayeniuliza. Wewe umegeukia ukuta. Mume wangu amegeukia unga. Mimi nigeukie wapi?"

Mimi na mume wangu tulikuwa tunatazama viatu vyetu.

"Inuka, Baba," akasema. "Inuka! Ni zamu yako!"

Mchezaji mmoja aliyekuwa amechuchumaa shimo la jirani, ng'ambo ya miti, aliniambia baadaye kwamba na yeye aliinuka.

Halafu mkunga akasikia alichokisema. Nikaona mkono wake unakwenda mdomoni. "Baba," akasema, "nisamehe. Nisamehe sana, sijui nimeingiwa na nini."

Mzee Honi akauliza, kwa utulivu kabisa, "Hivi ndivyo unavyosema na wanawake kule wodini?"

"Ndiyo, Baba."

"Na wanazaa?"

"Wanazaa."

"Lazima wazae," akasema Mzee. "Nani atathubutu kubaki na mimba?"

Akacheka. Sote tulikuwa tumesahau kwamba kicheko chake ndicho hasa kilichompa jina. Kilitoka tumboni, kikapiga kwenye miti, kikarudi. Na katikati ya kicheko hicho machozi yakamshuka, naye hakuyaficha wala hakuyafuta. Mkunga akaenda akakaa kando yake kwenye kisiki. Nikamsikia Mzee akisema, "Kumbe alikuwa anakupigia simu?" "Kila siku, Baba." "Mimi akiniambia anaongea na muuza mboga." Nao wakaanza kucheka tena.

Sisi tuliwaacha. Jozi mbili zilizokuwa nyuma yetu tuliziomba zipite, nao wakapita kimya kimya bila kuuliza. Nawashukuru hadharani kwa hilo, kwa kuwa mchezaji wa gofu aliyecheleweshwa huwa hana utu.

Mzee alipoinuka, alipiga. Mpira ukaingia ndani zaidi ya msitu. Mume wangu, aliyekuwa anawaandikia alama, akauliza kwa heshima wamefikisha mapigo mangapi. Mzee akamwambia, "Andika mengi."

Kuanzia hapo, samahani ilikwisha. Waligombana njia nzima, na ilikuwa raha kuwasikiliza. "Si huko, mama, huko ni kwa watu!" "Baba, si umeupeleka wewe?" "Nimeupeleka, ndiyo, lakini sikukwambia uufuate!" Na katikati ya ugomvi wakimtaja Bi Shabaha kwa jina, bila kunong'ona: hapa alianguka akararua sketi, pale alimfukuza nyoka kwa fimbo ndogo, kule aligoma kuongea na Mzee mashimo matatu mfululizo. Shimo la mwisho, Mzee alikosa mpira wa karibu kabisa, wa kusukuma tu. Mkunga akashika kiuno. "Huo, Baba, hata mwanao angeuingiza." Na mwanawe, nawakumbusha, anaogopa nyasi.

Tuliporudi humu ndani, Mzee akaomba sahani. Akala. Akaomba tena. Mwokaji alikuwa amekuja kuleta mikate ya mchana, akaingia kwa mlango ule na trei mikononi, akamwona baba yake akifuta mchuzi kwa kipande cha mkate, akitafuna, akibishana na kocha kwa mdomo uliojaa. Akasimama pale pale. Watu wakapita kushoto na kulia kwake. Hakuiweka ile trei chini mpaka mpishi wetu mkuu alipokwenda kumpokea, akamwambia, "Nenda ukakae naye."

Matokeo yakatoka jioni. Nisiwafiche: Mzee Honi na mkwewe walishika mkia. Hawakuwa karibu na mkia. Walikuwa mkia wenyewe. Na katika klabu yetu, wageni wangu, jozi iliyoshika mkia ina wajibu wake. Inapanda mti mmoja, mahali ambapo upepo umeangusha mwingine.

Asubuhi hii, kabla hamjafika, nilikwenda nao na Bwana Misitu kuchagua mche. Bwana Misitu akawaonyesha wa kwanza, akasema huu unakimbia, baada ya muda mfupi watu watakaa kivulini. Akawaonyesha wa pili, mdogo, majani machache, akasema huu ni mgumu na mzuri, ila unakua kwa kujivuta, na miaka yake ya mwanzo unataka mtu wa kuutazama kila wiki.

Mzee akamgeukia mkwewe. "Unasemaje?"

"Uamue wewe, Baba."

"Aa, huko tumeshatoka jana. Sema."

Mkunga akaitazama ile miche. "Mimi napenda huo mdogo. Lakini ndio kazi, Baba. Nani atakuja kila wiki?"

Mzee Honi akauchukua ule mche kutoka mikononi mwa Bwana Misitu, akaupakata kama mnavyompakata mtoto mliyekabidhiwa sasa hivi, akasema, "Nitakuja mimi."

Mheshimiwa Mlezi, ndugu wageni waalikwa, nawashukuru waliotoa muda wao, waliofyeka, waliopika, walioshinda na walioshindwa. Namwomba sasa Mheshimiwa awakabidhi mabingwa wetu kombe lao, na tukishapiga makofi ya kutosha, tutoke sote pamoja twende msituni, maana shimo limeshachimbwa na Mzee ameanza kutazama saa.

Kwa kunitegea sikio muda wote huu, na kwa vinywa vyenu vilivyofumbwa, asanteni sana.